Babu Alilazwa Wapi? Mwongozo Kamili wa Kumfuatilia Askari wa Keya Aliyejeruhiwa, kwa Kutumia Barua Alizotuma Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Rungwe, Songea, Machakos na Gulu bado lipo sanduku la bati chini ya kitanda cha bibi, na ndani yake karatasi chache zilizokunjwa mara nne. Ni barua za mtu aliyekwenda Vita vya Pili, akaandika "nimelazwa ila msiwe na hofu", kisha ama alirudi akichechemea, ama hakurudi kabisa. Tanganyika peke yake ilitoa takriban askari 87,000. Waliobaki nyumbani hawakuelezwa mtoto wao alilazwa hospitali gani, nchi gani, wala nani alimfunga kidonda. Inaniuma kila ninapokutana na familia ambayo hata leo inasema tu "alipotelea Burma".

Mwongozo huu ni wa wajukuu na vitukuu wanaotaka kulijaza pengo hilo. Nitazungumzia zaidi askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, ambao wazee wetu waliwaita Keya, na wenzao wa vikosi vya udereva, uganga, mawasiliano na kazi za mikono. Jambo moja lishike tangu sasa: bahasha inasema yale ambayo barua ilikatazwa kusema. Askari hakuruhusiwa kutaja mahali alipo. Muhuri uliogongwa juu ya barua yake haukuwa na jinsi ya kunyamaza.

Hatua ya kwanza: piga picha kabla ya kugusa sana

Karatasi ya wakati wa vita ilikuwa duni, nayo sasa ina umri wa miaka themanini. Usiipige pasi ili inyooke, usiitie selotepu, na tafadhali usiipeleke kwenye laminesheni. Nimeona barua nzuri ikiuawa kwa laminesheni; joto lile liliharibu maandishi yaliyokuwa pembeni.

Ikae juu ya kitambaa safi karibu na dirisha asubuhi, simu uishike wima juu yake, taa ya kamera izimwe. Piga mbele ya bahasha, nyuma ya bahasha, kila ukurasa wa barua, na ukingo wowote wenye maandishi. Muhuri uliofifia una dawa yake: zima taa za chumba, washa tochi na uilaze ubavuni mwa karatasi ili mwanga upite juu juu. Mbonyeo wa muhuri utajitokeza hata kama wino umekwisha.

Kila barua ibaki na bahasha yake. Ukizichanganya umeharibu nusu ya ushahidi. Na kama watoto walishakata stempu zamani, usikate tamaa, angalia nyuma. Mara nyingi muhuri wa pili ulibaki huko.

Hatua ya pili: isome bahasha kama hati

Anza na anwani ya mtumaji. Kwa kawaida utakuta namba ya askari, cheo, jina, kombania, kikosi, halafu herufi zinazoonyesha upande wa vita. M.E.F. ni majeshi ya Mashariki ya Kati: Misri, Libya, Palestina na jirani zake, ambako vikosi vya kazi vya Afrika Mashariki vilitumika kwa wingi. S.E.A.C. ni kamandi ya Asia ya Kusini-Mashariki, iliyoundwa 1943, kwa hiyo barua yenye herufi hizo haiwezi kuwa ya 1941 hata mjomba aape. Itakuwa imetoka Ceylon (Sri Lanka ya leo), India au Burma (Myanmar ya leo).

Kisha tafuta muhuri wa posta ya jeshi. E.A.A.P.O. na namba ni posta ya jeshi la Afrika Mashariki, F.P.O. na namba mara nyingi ni posta ya jeshi la India. Namba hizo hazikuwa za mji. Posta ilihama pamoja na jeshi, hivyo namba bila tarehe haikufikishi popote. Ziandike zote mbili pamoja, daima.

Wa tatu ni muhuri wa mkaguzi wa barua, na hapa ndipo napenda kukaa muda mrefu. Barua za askari zilisomwa na afisa wa kikosi chao wenyewe, naye akatia sahihi chini ya muhuri. Panga barua zako kwa tarehe na utazame sahihi hiyo tu. Ikiwa barua sita mfululizo zina mkwaruzo ule ule na ya saba ina mwingine kabisa, huenda mtu wako amehama mikononi mwa afisa mmoja kwenda kwa mwingine. Pengine kikosi kimebadilishiwa afisa. Pengine askari amelazwa, na anayesoma barua sasa ni afisa wa hospitali. Nakili sahihi hiyo hata kama huisomi, maana majina ya maafisa hutokea kwenye shajara za vita nitakazozieleza mbele.

Nyuma ya bahasha angalia muhuri wa posta ya nyumbani, tuseme Tukuyu au Bukoba. Tofauti ya tarehe mbili itakuonyesha barua ilisafiri muda gani, na itakusaidia kukadiria tarehe ya zile ambazo muhuri wa mbele haukusomeka.

Hatua ya tatu: namba kwanza, jina baadaye

Jina la askari ni kitu cha kuteleza. Karani wa kuandikisha aliandika alivyosikia, kijana mwingine alijitambulisha kwa jina la ubatizo, mwingine kwa jina la baba, mwingine akatumia jina la bandia kwa sababu alitoroka nyumbani. Namba ya jeshi ilibaki ile ile kwenye barua, kwenye kitabu cha malipo, kwenye cheti cha kuachishwa jeshi na kwenye kaburi. Ukiipata namba, iandike mahali pa salama na uitafute hiyo kabla ya jina.

Usitegemee nishani. Nyota ya Burma na nishani nyingine za Uingereza za vita vile zilitolewa bila jina la askari. Inakuambia alikotumika, ila haikuambii kuwa ni yake.

Namba ya batalioni nayo ina siri yake. Katika jeshi lililopigana Burma, 26, 36 na 46 KAR zilikuwa za Tanganyika; 4, 7, 34 na 44 za Uganda; 11 ya Kenya; 2 na 22 za Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi. Watu walichanganyika, lakini kama ukoo wenu ni wa Iringa na bahasha inasema 36 KAR, uko kwenye njia. Kama badala yake unaona E.A.A.S.C., babu alikuwa wa usafirishaji, pengine dereva. E.A.A.M.C. ni jeshi la matabibu: huyo huenda hakuwa mgonjwa bali dresa, yaani msaidizi wa tabibu, na barua yake kutoka hospitali ni barua ya kutoka kazini. Familia nyingi hukosea hapo.

Hatua ya nne: ingia ndani ya barua

Nimetunga barua ya mfano kwa mtindo wa barua za askari wa wakati ule, ili tuisome pamoja:

"Kwa mama mpenzi. Baada ya salamu nakuarifu kuwa mimi sijambo kidogo, hofu ni kwenu. Nipo kitandani tangu mwezi ulipoandama. Mkono wa kulia haujapona, barua hii naandikiwa na rafiki yangu wa Nyasa. Tulipelekwa kwa ndege, mama, na mimi sikuwa nimepata kupanda ndege. Mvua ya kule tulikotoka haina mwisho, matope yafika magotini. Hata hapa twamezeshwa vidonge vya manjano kila siku. Wauguzi ni Wahindi. Fedha za mwezi nenda bomani ukazipokee. Nisalimie wote wanaoniulizia."

Mistari michache, na hakuna mji uliotajwa. Sasa tazama kinachotoka humo.

"Tangu mwezi ulipoandama" ni tarehe. Tovuti za kalenda ya mwezi zitakuonyesha mwezi mpya wa karibu kabla ya tarehe ya bahasha, na hapo unajua siku alizolazwa. Mvua isiyo na mwisho na matope magotini ni masika ya Burma, kuanzia kama Mei hadi Oktoba. Vidonge vya manjano ni mepakrini, dawa ya kuzuia malaria iliyotolewa kwa lazima na ikageuza hata rangi ya ngozi. Wauguzi Wahindi wanaashiria hospitali ya jeshi la India, ambayo kwenye muhuri au anwani huandikwa I.G.H.; ya Waingereza huwa B.G.H. Rafiki wa Nyasa anaonyesha wodi ya askari wa Afrika Mashariki waliotoka batalioni mbalimbali.

Sasa weka juu yake historia ya kikosi. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, chini ya Meja Jenerali Fowkes, iliingia eneo la Tamu, mpakani mwa Burma na India, mwezi Agosti 1944, ikashuka bonde la Kabaw katikati ya masika, na kuiteka Kalewa tarehe 2 Desemba. Bonde lile lilikuwa maarufu kwa malaria na homa ya utitiri wa porini kuliko hata kwa risasi. Majeruhi walirudishwa nyuma kuelekea Imphal, upande wa India, na kutoka huko ndege ziliwapeleka hospitali za mbali zaidi, kama zile za Comilla, ambayo sasa iko Bangladesh. Kama bahasha ni ya Oktoba 1944 na kikosi ni 36 KAR, una dhana nzuri: bonde la Kabaw, Imphal, kisha ndege. Iandike kwa penseli na neno "huenda" mbele yake. Bado ni dhana.

Mwandiko usiusahau. Hebu ziweke barua zote mezani bila kuzisoma, uzitazame kama picha. Ukiona mwandiko mpya, jiulize: mkono uliumia? Macho? Au kabla ya hapo ndiye rafiki aliyekuwa akimwandikia, na sasa amejifunza mwenyewe? Jeshi lilikuwa na walimu wake, na askari wengi walijifunza kusoma na kuandika kambini na wodini. Herufi kubwa zinazoyumba, za mtu anayeandika jina lake kwa mara ya kwanza kitandani, ni kitu ambacho ukikiona hukisahau. Kwa familia za pwani barua inaweza kuwa kwa hati za Kiarabu. Mpelekee mzee aliyesoma chuoni, na umwombe asome neno kwa neno bila kufupisha. Salamu ndefu za mwanzo zina majina, na majina ndiyo unayoyatafuta.

Hatua ya tano: ijue njia ya majeruhi

Askari aliyejeruhiwa hakulala hospitali moja. Alibebwa kwa machela hadi kituo cha huduma cha batalioni, kisha kwa waganga wa uwanjani, kisha hospitali ya mbele iliyoandikwa C.C.S., kisha hospitali kuu, kisha kambi ya kupata nafuu. Aliyepona alirudishwa kikosini. Ambaye hakufaa tena kwa vita alipandishwa meli kurudi Mombasa. Kwa hiyo usishangae barua tatu za miezi miwili zikiwa na anwani tatu. Hazipingani. Ndiyo safari yenyewe.

Hospitali nazo zilihama na namba zao kama zilivyohama posta. Mfano ninaoupenda ni 152 B.G.H.: ilikuwa Chittagong, ambayo nayo sasa iko Bangladesh, kuanzia Desemba 1944 hadi Oktoba 1945. Barua yenye namba hiyo ya Machi 1945 inakuweka Chittagong. Barua yenye namba hiyo hiyo ya tarehe nyingine inataka uchunguzi mpya.

Hapa ndipo unapochora jedwali lako. Daftari la kawaida linatosha: tarehe ya barua, muhuri na namba yake, sahihi ya mkaguzi, mwandiko wa nani, alichosema kuhusu mwili wake, hali ya hewa, majina ya wenzake. Acha mistari mitupu palipo na kimya. Kimya cha miezi minne katikati ya barua za kila mwezi ni habari.

Hatua ya sita: kama hakurudi

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, ina tovuti ya kutafuta majina bila malipo. Inahesabu waliokufa kutokana na utumishi kuanzia 3 Septemba 1939 hadi 31 Desemba 1947. Tarehe hiyo ya mwisho ni muhimu kwetu: aliyerudi na kidonda akafia hospitali Nairobi mwaka 1946 anaweza kuwemo. Tafuta kwa namba ya askari. Ikishindikana tumia kikosi na mwaka, kisha pitia majina kwa macho, ukijaribu kubadili r na l, ch na k, na kuacha herufi ya mwanzo. Sehemu ya maelezo ya ziada wakati mwingine humtaja baba na wilaya.

Mahali pa kaburi panakurudisha hospitalini. Makaburi ya Chittagong, Maynamati karibu na Comilla, na Gauhati huko Assam yalikua kwa sababu ya hospitali za jeshi zilizokuwa jirani. Kaburi la hapo, hasa kama askari hakuwa na kikosi eneo hilo, linaashiria: huyu huenda alifia kitandani. Asiye na kaburi linalojulikana aliyeanguka Burma atatafutwa kwenye Mnara wa Rangoon, ndani ya makaburi ya Taukkyan, wenye majina karibu 27,000.

Kama barua zilikoma ghafla mwanzoni mwa 1944, na ya mwisho inasema tu "tunasafiri", tazama tarehe vizuri sana. Meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Colombo, na tarehe 12 Februari 1944 ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives. Walikufa watu 1,297, wakiwemo askari wengi wa mizinga wa Afrika Mashariki na wauguzi wanawake waliokuwa wakienda kuhudumia hospitali. Ilizama kwa dakika chache tu. Majina mengi ya askari wale yapo kwenye Mnara wa Afrika Mashariki ndani ya Makaburi ya Vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong. Huhitaji kwenda Asia. Unaweza kwenda kwa basi.

Hatua ya saba: nyaraka

Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, London, ina shajara za vita: kitabu ambacho kila kikosi na kila hospitali ilijaza siku kwa siku. Katalogi inatafutika kwenye intaneti. Mafungu utakayoyahitaji ni WO 177 kwa shajara za matabibu na hospitali, WO 172 kwa vikosi vya Asia ya Kusini-Mashariki, na WO 169 kwa Mashariki ya Kati na Afrika Mashariki. Nyingi inabidi uzisome kule au ulipie nakala, kwa hiyo kabla ya kutoa pesa kamilisha jedwali lako, uagize miezi miwili au mitatu tu ya kikosi kimoja.

Usitarajie kumkuta babu kwa jina. Maafisa wa Kizungu walitajwa, Waafrika waliandikwa kwa tarakimu, "4 A.O.R." yaani askari wanne Waafrika wa vyeo vya chini. Hilo linakera, na linastahili kukera. Lakini tarakimu hiyo, siku ile ile ambayo barua inasema "nilipata risasi Jumatano", inatosha kukuonyesha mto, kilima na saa. D.O.W. ni aliyekufa kwa majeraha, K.I.A. ni aliyeuawa vitani.

Karibu na nyumbani kuna hazina ambayo watu huiruka. Askari wengi waliagiza sehemu ya mshahara ilipwe kwa mama au mke, na pesa zikapokelewa bomani kwa DC, mkuu wa wilaya wa kikoloni. Malipo yalileta barua, malalamiko, orodha. Tafuta mafaili ya wilaya ya miaka 1940 hadi 1947 kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Nairobi, ni Kenya National Archives, Moi Avenue. Kwa Malawi, Zomba. Mwombe mtunza nyaraka mafaili yenye maneno ya askari, familia za askari, waliojeruhiwa na walioachishwa jeshi. Pitia pia magazeti ya Kiswahili ya wakati ule: Mambo Leo la Tanganyika, Baraza la Kenya, na Heshima lililochapishwa kwa ajili ya askari wetu walioko Asia.

Hatua ya nane: kaa na wazee, ukiwa na jedwali mkononi

Nimeiweka mwishoni kwa makusudi. Ukimwendea bibi mikono mitupu na kumuuliza "babu alikuwa wapi?", atakujibu Burma, basi. Mwendee na swali lenye ukubwa wa barua: "Bibi, barua ya mwezi wa kumi imeandikwa na mtu mwingine. Alikuwa na rafiki Mnyasa?" Hapo kumbukumbu hufunguka. Muulize kovu lilikuwa upande gani. Alikuwa akila mkono gani. Aliogopa sauti gani. Ni maneno gani ya kigeni aliyarudisha nyumbani. Rekodi kwa simu, kwa ruhusa yake, na umwachie nafasi ya kunyamaza; wengine wanamlilia mtu huyu kwa mara ya kwanza mbele ya mwingine.

Ukishapata hospitali, hata kwa "huenda", andika ukurasa mmoja kwa Kiswahili: namba, kikosi, alikojeruhiwa, alikolazwa, alikozikwa au tarehe aliyorudi, na kwa kila jambo useme umelijuaje. Toa nakala kwa kila nyumba ya ukoo. Moja ikunjwe ndani ya sanduku la bati, juu ya barua zenyewe.